Usiegemee Gari

Ijumaa moja, saa saba kasoro, jirani yangu wa mlango wa tatu alitoka kwake na kanzu nyeupe pe, imepigwa pasi ikapigika, imetiwa wanga mpaka ungedhani inatembea yenyewe na yeye anaifuata. Kofia imekaa sawa, udi unanukia toka mbali. Akasimama kunisalimia. Kusimama si kosa. Kosa ni kwamba sisi watu wa Tanga hatuwezi kusalimiana wima; salamu zetu ni ndefu, miguu haizimudi, lazima mtu aegemee kitu. Naye akaegemea gari langu.

Tukaulizana hali. Ya nyumbani, ya watoto, ya wakwe, ya mafua ya mdogo wake, ya Coastal Union, ya bei ya dagaa. Adhana ilipomkumbusha alikokuwa akienda, akaniaga na kugeuka. Ndipo nilipoona nyuma yake, pale mtu anapokalia, madoa mawili ya duara, rangi ya waridi, yamekaa pacha kama mihuri ya posta.

Sikumwambia. Najua, najua. Lakini ungekuwa wewe ungemwambia nini, na watu wameshaanza kujipanga? Niliwaachia wa safu ya nyuma yake wafikishe ujumbe. Waliufikisha. Saa nane akarudi na ile kanzu imekunjwa vizuri kama zawadi, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Sheikh," akasema, "hii sasa ni yako. Yangu utanitafutia." Nikamtafutia, kwa elfu arobaini. Na tangu siku hiyo akinisalimia husimama katikati ya barabara.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet, ile EP82, ya mwaka 1994, namba A. Kwa asiyeishi Tanzania nieleze: sisi umri wa gari hatuuulizi, tunausoma kwenye kibao cha namba, ile herufi inayofuata tarakimu. Mwenye namba E anakupita hakutazami. Mwenye namba A huachiwa njia kama anavyoachiwa mzee mwenye bakora, si kwa heshima, ni kwa kuogopa asije akamwangukia mtu. Toyota wenyewe waliacha kuziunda Starlet mwaka 1999 wakaleta Vitz, na vijana wa bodaboda wa hapa kwetu wakiliona langu huniuliza kama hii ndiyo Vitz ya kwanza kabisa, ya babu yake Vitz.

Nililipata kwa mjomba wangu wa Pangani. Yeye huniita mjomba, nami humwita mjomba, ndiyo desturi. Kwa hiyo tukizungumza kwenye simu, mtu wa pembeni hawezi kujua nani anamdanganya nani. Lilikuwa uani kwake miaka saba, hatua chache kutoka baharini, chini ya mkungu. Mtu akikuuliza njia ya uhakika ya kuua rangi ya gari, mwelekeze hapo. Jua la pwani linaichoma kuanzia saa moja asubuhi. Upepo wa bahari unaleta chumvi. Mkungu unadondosha kungu, kungu zinapasuka, maji yake yanaacha doa ambalo hata mjukuu wako ataliona. Na juu ya mkungu wanakaa kunguru, hawa wa shingo ya kijivu, ambao wazee wao waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 eti wasaidie kusafisha takataka. Wasafishaji! Kazi yao nimeiona juu ya paa la gari, na kinyesi chao kikikaa juani siku mbili kinaitoboa rangi kama maji ya betri.

Siku niliyokwenda kulichukua, mkaza mjomba alituandalia chai na mkate wa kumimina, na kama kawaida yake akatuhadithia tena habari ya cherehani. Ukoo mzima tunaijua. Aliwahi kupokea upatu, akampa mumewe fedha zote aende Tanga kumnunulia cherehani ya miguu, na mjomba akaibiwa stendi. Mwizi huyo ameshalaaniwa kila Idi kwa miaka mingi. Mimi mwenyewe nimemlaani mara kadhaa, nikiwa na pilau mdomoni. Pembeni pa dirisha, mahali cherehani ilipokuwa ikae, pana kigoda chenye chombo cha maua ya plastiki. Mkaza mjomba hukionyesha kigoda kwa kidevu, mjomba huinamia kikombe chake, kisha chai inaendelea.

Baada ya chai mjomba akanikabidhi funguo kwa maneno ambayo nayakumbuka yote. "Mjomba," alisema, "gari hili halijawahi kuguswa. Rangi unayoiona hapa ni ile ile ya Wajapani." Nikamshukuru. Rangi niliyokuwa nikiiona ilikuwa ya bablishi iliyokwisha kutafunwa.

Injini haikunisumbua. Betri mpya, mafuta, tairi nne, likawaka mara ya tatu. Hizi injini za 4E zina roho ya paka. Tukafika Tanga salama. Mama watoto akatoka, akalizunguka mara moja mikono kiunoni, akasema, "Hili limepauka kama miguu ya mtu aliyetoka kuvua. Lipake mafuta."

Alisema kwa dhihaka. Lakini mimi ni mtu wa kushika neno.

Nusu chupa ya mafuta ya nazi, Jumamosi asubuhi, na fulana kuukuu. Wallahi lilirudi! Jekundu la kuiva, jekundu la pilipili iliyosahauliwa mtini. Nikaliendesha mpaka Raskazone na vioo nimevishusha, kiwiko dirishani, nikaenda mwendo wa baiskeli ili kila mtu apate nafasi ya kuona. Nilikuwa na saa tatu za utukufu. Jioni vumbi lote la barabara yetu likaja kukaa juu yake na likakataa kuondoka. Wakaja nzi. Akaja paka wa jirani, akapanda boneti, akailamba kwa utulivu mpaka magharibi. Siku ya pili jua likamalizia yaliyobaki, na gari zima likanuka wali wa nazi uliochacha. Nilimpeleka mtoto shule kwa miguu wiki nzima.

Gari likipauka, kila mtu ni tabibu. Muuza chipsi aliniambia mafuta ya taa. Kijana wa kuosha magari akasema dizeli kidogo kwenye maji ya mwisho, yeye huwafanyia wateja wake wote na hakuna aliyerudi kulalamika, jambo ambalo nadhani lina maelezo mengine. Mwalimu mwenzangu alinishauri dawa ya meno, kisha akakumbuka kuwa hiyo ni ya taa za mbele. Na yuko mmoja, Mungu amsamehe, aliyeniambia mafuta ya breki yanang'arisha ajabu. Ni kweli yanang'arisha. Yanaing'arisha rangi huku yanaiyeyusha, na kufika jioni unaweza kuichukua kwa kijiko.

Nikaenda kwa fundi rangi wa barabara ya 12. Ngamiani barabara zetu hazina majina ya mashujaa, zina namba tu, na hata hivyo watu wanapotea. Fundi huyu ni mtu wa maneno machache, mikono yake haijawahi kuwa na rangi moja. Alipitisha kidole kwenye mlango, akakitazama, kimekuwa cha waridi. Akakipuliza. Akafungua boneti, akaniita nione bati dogo la kiwandani lenye maandishi, na mahali palipoandikwa C/TR akanionyesha: 3E5. "Hii ndiyo namba ya rangi. Wajapani wameiita Super Red II."

Nikamuuliza ya kwanza ilikuwaje, kama ya pili ndiyo hii.

Hakucheka. Akasema, "Mzee, rangi hii haijafa. Imekufa juu tu." Akanieleza kwamba rangi ya gari ni unga wa rangi uliokamatwa na gundi. Jua linaila gundi, unga unabaki hauna wa kuushika, ndiyo ule unaoondoka na makalio ya watu. Unakuwa na ukuta wa chokaa, si gari. Na mafuta ya nazi? Alinitazama kwa huruma. "Umeshaokota jiwe baharini?" Nani hajaokota. "Likiwa majini lina rangi nzuri. Ukifika nalo nyumbani limekauka, kijivu tupu. Mafuta yanafanya hivyo hivyo. Yanalowesha."

Basi kwa nini jekundu? Kwa nini gari la jirani jeupe, umri huo huo, linaonekana limeoga jana? Fundi akasema jeupe linaurudisha mwanga wote ulikotoka. Jekundu linarudisha ule mwekundu tu, mwingine wote linaumeza. "Umeze jua miaka thelathini, mzee, uone kama hutapauka."

Akanitajia bei ya kupaka rangi gari zima: milioni moja na laki mbili. Nilikohoa. Akasema kuna njia nyingine, ya mtu mwenye muda na mabega: kukwangua ile ngozi iliyokufa mpaka kuifikia iliyo hai, kwa msasa wa maji namba 2000, kisha kompaundi, kisha polishi, kisha nta. Ila niwe na adabu. Rangi yote ya gari, kutoka bati mpaka juu, ina unene kama wa karatasi moja ya daftari, na mimi ninaruhusiwa kuchukua kidogo tu cha juu yake. Hapo ndipo nilipoelewa biashara yenyewe. Nilidhani kopo la kompaundi litaliongezea gari kitu. Kumbe nimetoa elfu ishirini na tano ili nipunguziwe nilichokuwa nacho. Ni kodi kamili, isipokuwa stakabadhi.

"Kabla hujaanza," akaniita nilipokuwa naondoka, "tafuta kitambaa cheupe. Kiwe cheupe kweli. Tia kompaundi, sugua kila mahali kidogo kidogo, mlango, buti, boneti, halafu kitazame. Kikiwa chekundu, hiyo ni rangi tupu ya zamani, utaing'arisha. Kikibaki na uchafu tu, hapo juu kuna klia, ile rangi isiyo na rangi. Hapo uje tuzungumze."

Kitambaa cheupe kweli nilikuwa nacho kimoja. Nikaichukua kanzu ya jirani, nikakata ule upande wa mbele usio na mihuri.

Sasa kuna jambo moja la kuosha gari ambalo sikulijua, nami nimeosha magari tangu ujana wangu, ya watu. Fundi aliniambia nikishamaliza kuosha, nivae mfuko wa nailoni mkononi nipapase bodi, nitasikia chenga zilizojishindilia kwenye rangi ambazo mkono mtupu hauzisikii. Mfuko wa nailoni! Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchi hii, na mimi raia mwema nilikuwa nimeshaitupa yote. Nikaenda kununua mkate nisiouhitaji, nikautoa kwenye mfuko wake, nikavaa mfuko. Mama watoto alitoka akanikuta nalipapasa gari kwa mkono uliovaa mfuko wa mkate, nimefumba macho. Akarudi ndani bila kusema kitu. Fundi alikuwa na haki lakini. Lile gari lilikuwa kama kaki iliyopakwa chumvi.

Nikaanza na mlango wa dereva. Nikabandika tepu ya karatasi, nikapata mraba kama wa kigae kimoja cha sakafuni. Maji yenye tone la sabuni, msasa umelowekwa usiku kucha, mkono mwepesi, unakwenda njia moja, ukirudi hukandamizi. Povu likaanza kutoka la waridi, kisha jekundu, likatiririka mlangoni, likapita chini ya gari, likafuata mtaro. Watoto wakaja. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kapu akasimama, akauliza kwa adabu tumechinja nini na kama kuna kilo zitauzwa.

Kisha kompaundi. Kisha polishi, kwa vidole vitatu, duara ndogo ndogo, mpaka bega linaanza kuzungumza lugha yake. Nikafuta. Nikabandua tepu.

Sijui nikuelezeje. Katikati ya mlango ule uliopauka palikuwa na mraba mmoja mwekundu, wa ndani, una kina, na ndani ya mraba nikajiona nimechuchumaa, na nyuma yangu mnazi wa jirani, na mawingu. Nilikuwa na jasho la kope. Nilimwita kila mtu wa nyumba hii. Mwanangu wa miaka tisa aliutazama akasema, "Baba, umebandika stika?"

Hilo ndilo tatizo ambalo hakuna fundi anayekwambia. Kabla ya mraba ule, gari langu lilikuwa limepauka, basi, kama wazee wanavyoota mvi, na hakuna aliyelijadili. Baada ya mraba, kila aliyepita aliuliza hapa pengine pamepatwa na nini. Nikalazimika kumaliza mlango. Mlango ulipong'aa, mlango wa nyuma ukawa aibu. Ulipong'aa wa nyuma, bampa nyeusi ikaonekana ya kijivu na taa zikaonekana zina manjano. Mama watoto naye, ambaye miaka kumi hajawahi kulalamikia geti letu, akasimama kati ya gari na geti akasema, "Kumbe na geti nalo limepauka."

Jumamosi ya nne nikachoka na vidole, nikaazima grinda kwa mchomeleaji wa mtaa wa pili, nikaifunga sponji. Fundi alikuwa amenikataza. Mashine ya polishi inazunguka pole pole; grinda ya mchomeleaji inazunguka mara elfu kumi na zaidi kwa dakika, imeundwa kukata nondo. Niliigusisha kwenye ukingo wa mlango, pale penye mkunjo, ambapo rangi ni nyembamba kuliko kwingine kote. Nikasikia harufu. Nilipoondoa, nikaona kijivu, na katikati ya kijivu mstari wa bati kama jino la dhahabu. Umeme ukakatika sekunde hiyo hiyo, na ninashukuru. Jeraha hilo nimelificha kwa stika ya Allah Bless, na sasa mwanangu ana haki.

Nta ndiyo ilikuwa raha pekee. Kopo dogo, nikasoma nyuma: nta ya carnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazili. Nikatazama nje. Tanga nzima hii, kushoto minazi, kulia minazi, mbele minazi, na mimi nimelipa fedha kusafirishiwa mafuta ya mnazi wa Mbrazili kuvuka bahari mbili. Halafu kwa jua letu inakaa mwezi, ikizidi sana miwili, unapaka tena.

Nimeichelewesha boneti kwa makusudi, maana boneti ndiyo uso. Tangu mwanzo ilikuwa na ugonjwa wake: haikuacha unga mkononi, ila ilibanduka vipande vipande, kama bega la Mzungu aliyelala ufukweni, ngozi nyembamba isiyo na rangi, ukiivuta inakuja kama gamba la kitunguu. Nilidhani ni kunguru. Nikachukua kile kitambaa cha kanzu, ambacho nusu yake ilishakuwa nyekundu kwa milango na buti, nikakigeuza upande safi, nikatia kompaundi, nikasugua boneti.

Kikatoka cheupe. Cheupe na uchafu. Nikasugua fenda ya upande wa dereva: cheupe. Fenda ya pili: chekundu. Paa: chekundu. Nikarudi boneti, nikasugua kama aliyesahau kitu ndani: cheupe.

Nikampelekea fundi gari na kitambaa. Hakukitazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya banda lake akarudi na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akaigusisha mlangoni. Tap! Ikakamata, akaivuta kwa nguvu kuitoa. Akaigusisha kwenye fenda ya dereva. Ikateleza, ikaanguka chini. Akaiokota, akajaribu tena juu kidogo, ikateleza tena. "Puti," akasema. "Hapa kuna puti ya kupikia ugali. Gari hili liligonga, mzee. Wakanyoosha, wakajaza puti, wakapaka rangi na klia ya bei rahisi, na klia ndiyo hiyo inayobanduka. Hii huing'arishi. Hii ni kukwangua yote na kupaka upya."

Nikasimama pale barabara ya 12 na kipande cha kanzu mkononi. Halijawahi kuguswa! Rangi ya Wajapani!

Jioni nikampigia. Mjomba hashiki simu sikioni. Huishika mbele ya uso kama anayejitazama kwenye kioo, spika imefunguliwa, Pangani yote inashiriki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba! Gari linaendaje?"

"Linaenda. Mjomba, boneti imewahi kupakwa rangi."

Kimya. Jogoo akawika mahali, saa kumi na mbili jioni.

"Aa. Ile. Iliangukiwa na kungu."

"Mjomba, kungu inakunja fenda?"

"Nimesema kungu? Nazi."

"Hapo uani kwako hamna mnazi."

"Haikuwa hapa, ilikuwa Muheza."

"Muheza si machungwa?"

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri. "Basi," akasema, "yalikuwa machungwa."

"Chungwa limekunja fenda, mjomba?"

"Hayakuwa moja moja, mjomba. Yalikuwa kwenye mkokoteni."

"Mkokoteni ulikukatia njia?"

"Ulikuwa umesimama."

Hapo nilishindwa, nikacheka, naye akacheka, na kicheko kikamlegeza ulimi. Akanihadithia yote. Mwaka 2006, mchana kweupe, alikuwa anatafuta kituo kwenye redio. Magunia sita ya machungwa yakatapakaa barabarani na Muheza nzima ikaja kumsaidia kuyala. Lakini hakumkimbia mtu, alisema, na sauti yake ikapanda kwa fahari: siku ile ile alilipa machungwa, akalipa mkokoteni, akapeleka gari kwa fundi wa pale pale, likanyooshwa, likapakwa, siku nne likarudi Pangani zuri kuliko lilivyotoka, hakuna aliyejua mpaka leo. Taslimu, mjomba! Sikudaiwa hata senti!

"Ulizipata wapi, mjomba?" nikauliza. Wallahi niliuliza bila nia yoyote. Ni mazoea tu. Mwezi mzima nilikuwa nimeuliza bei za misasa.

Hakujibu. Nikasikia kikohozi, si chake, kikohozi kifupi cha mwanamke aliyekaa karibu na dirisha. Kisha kigoda kikiburutwa sakafuni. Kisha simu ikakatika.

Siku mbili nikampigia, haipatikani. Siku ya tatu, Alhamisi, ikaita yenyewe, namba yake, lakini sauti haikuwa yake.

"Hujambo mwanangu."

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Wazima hapo? Watoto? Mama watoto?" Akauliza wote, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akasema, "Nasikia kuna kitambaa ulichosugulia gari. Upande mmoja chekundu, upande mmoja cheupe."

"Kipo mama. Kiko kwenye ndoo hapa, nimekitoa sasa hivi nikifue."

"Usikifue," akasema. "Nakuja na basi la asubuhi."